Nani Kafanya Hili?

Kazi iliyonilipia kodi ya chumba nikiwa mwanafunzi jimboni Iowa ilikuwa kupiga video za timu ya futiboli ya Kimarekani. Unapandishwa juu kwenye jukwaa la chuma linaloinuliwa kwa mashine, upepo wa Novemba unakuchapa mpaka machozi yanatoka bila kilio, na sharti ni moja tu: wachezaji wote 22 wasitoke kwenye picha. Ukijisahau ukaanza kuufuata mpira kama wafanyavyo watu wa televisheni, jioni kocha wa ulinzi atakutafuta. Mwenzako yuko juu ya jukwaa jingine, nyuma ya eneo la kufungia, anachukua picha ya pili. Usiku mnashuka chumba cha video, mnapanga pembe zote mbili, mnakata mchezo vipande vipande, na kila kipande mnakiandikia maelezo: jaribio la ngapi kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, zimebaki yadi ngapi, ukuta (ile safu ya watu wazito wanaomkinga mrushaji) umekaaje, nani kapewa mpira.

Nimekulia Morogoro. Mpira niliokuwa naujua ni wa Simba na Yanga, na nilipofika kule sikuelewa hata kwa nini hawa watu wanasimama kila baada ya sekunde sita. Naamini hilo lilinifaa. Wenzangu walikuwa wameufuata mpira kwa macho tangu utotoni. Mimi mara nyingi sikujua uko wapi, kwa hiyo nikawa natazama watu, na ukitazama watu unaona mengi. Unaona nani miguu imekwisha robo ya tatu. Unaona nani anamgeukia mwenzake kabla mchezo haujaanza kwa sababu hajui kazi yake ni ipi. Unaona nani anajiangusha mapema ili asigongwe.

Kila vuli maskauti, wasaka vipaji wa NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, walikuwa wakipita. Chuo chetu hakikuwa kikubwa, lakini skauti wa kanda anazunguka vyote, vikubwa kwa vidogo, akilala hoteli za kando ya barabara kuu. Wanafika asubuhi na mapema, wanapewa chumba chenye giza na rimoti, wanajifungia humo mpaka saa ya mazoezi. Mimi ndiye niliyekuwa nawapangia video. Wengi hawana maneno. Mmoja tu, mzee mnene mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni, alipenda kuongea, na nadhani ni kwa sababu ya upweke wa zile hoteli.

Mwaka huo chuo kizima kilikuwa kinamzungumzia mpokeaji mmoja, yaani mdakaji wa mipira inayorushwa, kijana mrefu mwenye mbio. Mechi iliyotangulia alikuwa amedaka mipira tisa. Mzee akaniomba mechi hiyo hiyo. Akaitazama mipira yote tisa, akairudia, kisha akaanza kuitoa mmoja mmoja kama anayechambua mchele. Mitatu kijana alirushiwa nyuma ya mstari wa kuanzia, hakuna mlinzi karibu: "Hii kafanya kocha." Miwili mlinzi alikuwa amesimama yadi nane nyuma kwa kuogopa mpira mrefu: "Hii kafanya mlinzi." Mmoja mlinzi aliteleza kwenye nyasi. Mmoja kwotabeki, yule anayerusha mpira, alikimbia huku na huko hadi ulinzi wote ukapoteana: "Huu ni wa kwotabeki."

Ikabaki miwili. Hiyo sasa aliipeleka mbele na kuirudisha nyuma mpaka nikawa nahesabu hatua za yule kijana pamoja naye. Katika mmoja wapo kijana anakwenda moja kwa moja kwa kasi, bega la kushoto linashuka kidogo, mlinzi anageuza kiuno kulifuata lile bega, na papo hapo kijana anakata kulia. Kati yao inafunguka nafasi ya hatua mbili, na ni katika hatua hizo mbili mpira unapotua. "Huu ni wake," mzee akasema, akaandika mstari mmoja kwenye daftari. Akaomba mechi nyingine.

Kabla hajaondoka alipita kwa mtunza vifaa, kisha jikoni kwa mama anayetupikia. Hakuwauliza habari za mpira. Mama alituambia baadaye kwamba swali lilikuwa kama kijana hurudisha sinia yake baada ya kula.

Nimeacha ile kazi zamani, lakini swali la yule mzee halikuniacha. Kila msimu nakaa na video za wachezaji wa vyuo, nawaandikia marafiki wachache wanaopenda drafti, na daftari langu lina safu moja tu iliyo muhimu: nani kafanya hili? Mfumo wa kocha, udhaifu wa mpinzani, ubora wa wenzake, sheria za mchezo wa chuo, au yeye mwenyewe? Timu ya kulipwa inamnunua yeye peke yake. Hayo mengine yanabaki chuoni.

Kwa asiyefuatilia, drafti ni hivi. Timu za NFL ni 32. Kila Aprili zinapanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi inatangulia, bingwa anakuwa wa mwisho, na kila moja inachagua mchezaji kwa zamu katika raundi saba. Wanaochaguliwa ni watu wapatao 260. Mchezaji hachagui aende wapi. Sisi tuliozoea usajili wa nyumbani, klipu ya dakika tatu yenye muziki halafu tarumbeta uwanja wa ndege, utaratibu huu unatushangaza, lakini wao wako nao tangu 1936. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Kwa hiyo mchezo wa kubahatisha ulianza siku ile ile.

Fedha nazo zina sehemu yake. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alipewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, kabla hajarusha mpira mmoja. Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, na chaguo la kwanza, Cam Newton, akapata kama milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo aliyechaguliwa vizuri ni mchezaji wa bei nafuu kwa miaka minne, na timu inabaki na fedha za kununua wengine. Ndiyo maana watu wazima wanagombana vyumbani kwa ajili ya chaguo la raundi ya nne.

Sasa vipimo. Mwishoni mwa Februari wachezaji zaidi ya 300 wanaalikwa Indianapolis kwenye majaribio yanayoitwa Combine, ambayo yako mji huo tangu 1987. Wanapimwa kila kitu. Mbio za yadi 40, yaani kama meta 36 na nusu. Kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri mtu awezavyo. Kuruka juu, kuruka mbele, kukata kona kwenye koni. Mkono unatandazwa juu ya rula na kupimwa shubiri, kwa sababu kwotabeki mwenye shubiri fupi anadhaniwa mpira utamponyoka kwenye baridi. Joe Burrow alipimwa 2020 akaonekana ana inchi 9, watu wakasema ni ndogo, mwenyewe akafanya mzaha mtandaoni kwamba labda astaafu. Alichaguliwa wa kwanza, na msimu wake wa pili tu aliifikisha Cincinnati Bengals kwenye Super Bowl, fainali ya ligi.

Wapenzi wengi wa drafti wanapenda Combine kuliko mechi zenyewe, na nawaelewa, namba ina raha yake. Xavier Worthy alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 4.21 mwaka 2024, akavunja rekodi ya John Ross ya 4.22 iliyowekwa 2017. Ross alichaguliwa wa 9 na Bengals, na majeraha pamoja na mengine hayakumwacha awe yule waliyemtarajia. Tom Brady, kwa upande wake, alikimbia sekunde 5.28 mwaka 2000. Ukitazama ile video yake ya majaribio unaweza kudhani ni mhasibu aliyepita njia. Akachukuliwa wa 199, raundi ya sita, akaenda kubeba Super Bowl saba.

Hadithi ya Brady imesimuliwa mpaka imechakaa, na watu huitumia vibaya, kana kwamba vipimo ni upuuzi. Si upuuzi. Mtu wa ukuta hakimbii yadi 40 karibu maisha yake yote ya uchezaji, lakini zile yadi 10 za mwanzo za mbio hizo zinakuonyesha jinsi anavyolipuka kutoka chini, na hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Aaron Donald alionekana mfupi na mwepesi kwa mtu wa katikati ya ulinzi, lakini mwaka 2014 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68 akiwa na kilo karibu 130. Kipimo kilikuwa kinathibitisha kile ambacho video za chuo chake, Pittsburgh, zilikuwa zinapiga kelele. Timu 12 zilipita kabla hajachukuliwa.

Mimi natumia vipimo pale tu vinapogombana na video. Cooper Kupp alitoka Eastern Washington, chuo ambacho watu wengi Marekani kwenyewe hawakijui, akakimbia sekunde 4.62. Kwa mpokeaji huo ni mwendo wa kawaida mno. Lakini kwenye video walinzi walikuwa wanaachwa, tena hata walinzi wa vyuo vikubwa. Inakuwaje mtu asiye na kasi kuwaacha wenye kasi? Unarudi kutazama, na unaona kwamba siri iko kwenye kusimama. Kupp alikuwa anatoka mbio kamili na kusimama kwa hatua mbili, wakati mlinzi anahitaji nne. Hakuna saa Indianapolis inayopima hilo moja kwa moja. Los Angeles Rams walimchukua raundi ya tatu 2017, wa 69, na mwaka 2021 aliongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka, yadi na tachidauni, yaani mabao ya kufika eneo la kufungia, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl.

Kinyume chake ni Mike Mamula, 1995. Yeye alifanyia mazoezi vipimo vyenyewe kabla ya kwenda, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida, akang'ara Indianapolis, na Philadelphia Eagles wakabadilishana nafasi na timu nyingine, wakapanda foleni hadi ya 7 kumchukua. Warren Sapp alisubiri mpaka ya 12, na leo yuko kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Mamula hakuwa mbovu, wanaomcheka hawamtendei haki, alicheza misimu mitano ya maana. Tatizo ni kwamba bei yake ilipandishwa na alichofanya akiwa na kaptula, bila mtu mbele yake. Siku hizi kila mchezaji anajiandaa kwa vipimo kwa wiki kadhaa na mkufunzi wa kulipwa, kwa hiyo namba zenyewe sasa zinapima pia ubora wa mkufunzi. Nani kafanya hili?

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba mchezo wa chuo na mchezo wa kulipwa si mchezo mmoja. Uwanja una mistari midogo miwili ya katikati ambayo mpira hauwekwi nje yake kila mchezo unapoanza upya. Vyuoni mistari hiyo imeachana zaidi ya meta 12. NFL imeachana chini ya meta 6. Unaona jinsi jambo dogo linavyogeuza kila kitu? Chuoni mpira ukiwekwa mstari wa kushoto, upande wa kulia unabaki uwanja mpana wa kupita kiasi, na mpokeaji mwenye mbio akipelekwa huko mlinzi wake anabaki yatima. NFL pande zinakaribiana, nafasi zinabana, na ile mipira ya bure inakauka.

Halafu kuna sheria ya ukuta. Vyuoni watu wa ukuta wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kabla mpira haujarushwa. NFL ni yadi 1. Kwa hiyo chuoni kocha anaweza kuuamuru ukuta uvamie mbele kana kwamba mpira utabebwa kwa mbio, walinzi wakaingia mtegoni, na kwotabeki akarusha juu ya vichwa vyao mpira rahisi kabisa. Mpokeaji naye chuoni anatakiwa mguu mmoja tu ndani ya uwanja anapodaka, NFL miguu miwili. Nikimtazama mpokeaji anayedaka pembeni, naangalia mguu wa pili. Wapo wanaouburuza ndani japo sheria haiwadai, na hao nawawekea nyota.

Kwa hiyo nikimchambua kwotabeki, naanza kwa kutoa. Mipira ya yadi mbili tatu ya pembeni, nje. Mipira ya ule mtego wa ukuta, nje. Mipira ambayo mpokeaji alikuwa peke yake kabisa, nje. Kinachobaki ni jaribio la tatu, zimebaki yadi nane au zaidi, mpinzani anajua utarusha, ukuta umeanza kubomoka. Nataka kuona macho yake. Pembe ya video ya nyuma ya eneo la kufungia inaonyesha kofia yake inavyogeuka: je, inamtazama mpokeaji wa kwanza, wa pili, kisha wa tatu? Au inatazama wa kwanza halafu inashuka kuwaangalia wanaomjia? Kofia ikishashuka, mimi naandika.

Kwotabeki Brock Purdy nilimwona kwa macho yangu, Ames, mji wa chuo chake, hakuko mbali. Alicheza Iowa State kuanzia 2018 hadi 2021, akiwa kwotabeki wao wa kuanza karibu muda wote huo. Mkono wake haukuwa wa kutisha, kimo chake cha kawaida, na alikuwa na tabia ya kurusha mpira wa kijinga mara moja katika kila mechi mpaka jukwaa zima linashika vichwa. Tena alikuwa na msaada: Breece Hall alikuwa nyuma yake akikimbia na mpira, na huyo alichukuliwa wa 36 mwaka ule ule wa drafti. Ukiyatoa yote hayo, unabaki na kofia inayogeuka. Kushoto, katikati, kulia, na mpira unatoka kabla mpokeaji hajageuka, miaka minne mfululizo, katika baridi, dhidi ya watu walioshamsoma. San Francisco 49ers walimchukua 2022 akiwa wa 262, wa mwisho kabisa. Hata zawadi ya mzaha hupewa huyo wa mwisho.

Mwaka mmoja kabla, timu hiyo hiyo ilikuwa imetoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na jingine la raundi ya tatu ili kupanda hadi nafasi ya 3 na kumpata kwotabeki Trey Lance wa North Dakota State. Lance alikuwa na kila kitu kinachoonekana: mwili, mkono, miguu, na msimu wa 2019 aliocheza bila kunyakuliwa mpira hata mmoja. Lakini msimu kamili ulikuwa huo mmoja tu, katika timu iliyokuwa ikiwazidi wapinzani wake kwa kila kitu. Ukitoa alichofanyiwa, vinabaki vipande vichache sana vya kumhukumia, kwa uzuri au kwa ubaya. Akaumia kifundo cha mguu Septemba 2022, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Purdy aliingia Desemba 2022, akaifikisha timu Super Bowl ya Februari 2024, na mwaka 2025 akasaini mkataba wa dola milioni 265. Waliowachagua wote wawili ni watu wale wale, ndani ya jengo lile lile.

Usidhani swali la mzee hukata upande mmoja tu. Mwaka 2017 Patrick Mahomes alitoka Texas Tech, na wengi walisema namba zake ni za mfumo, kwamba pale kila kwotabeki hurusha yadi nyingi halafu hafiki popote. Ni kweli mfumo ulikuwa wa kurusha. Lakini tazama mechi ya Oktoba 2016 dhidi ya Oklahoma: Mahomes alirusha yadi 734 na bado timu yake ikafungwa 66 kwa 59. Ulinzi wao ulikuwa kapu lililotoboka. Ukizitazama zile video ukiwa na swali, unaona kwamba mipira mingi mizuri ilitoka mfumo ukiwa umeshavunjika, ukuta haupo, yeye anakimbilia kulia na kurusha kushoto. Hakuna kocha anayechora hilo ubaoni. Chicago Bears, wakiwa na nafasi ya 2, walimchukua Mitchell Trubisky, aliyeanza mechi 13 tu North Carolina. Kansas City wakapanda hadi ya 10 wakamchukua Mahomes.

Kuna kitu ambacho video haikupi kabisa, nacho ni mwili wa kesho. Nilikuwa nafanya kazi ghalani na kaka mmoja wa Bukavu ambaye hakupenda futiboli hata kidogo mpaka nilipomwambia habari za Tim Biakabutuka, mtoto aliyezaliwa Kinshasa, akakulia eneo la Montreal, akaenda Michigan. Novemba 1995 dhidi ya Ohio State alikimbia na mpira yadi 313, huku upande wa pili yupo Eddie George, aliyekuja kutangazwa mchezaji bora wa vyuo mwaka huo. Tukaitazama mechi ile kwenye simu wakati wa mapumziko. Kaka yangu akawa anapiga kelele ghala zima linageuka. Na zile yadi zilikuwa zake kweli: anakaribia ukuta taratibu, anasubiri mlango ufunguke, halafu hashikiki. Carolina Panthers walimchukua wa 8 mwaka 1996. George alisubiri mpaka wa 14. Goti la Biakabutuka halikumpa nafasi, akaandamwa na majeraha miaka yake yote, wakati George akawa hakosi mechi mwaka baada ya mwaka. Combine yenyewe asili yake ni hii, madaktari wa timu zote kuwakagua vijana mahali pamoja kwa wakati mmoja, na bado hakuna daktari aliyeweza kuisoma tofauti hiyo.

Na kuna kutua, yaani timu gani inakuchukua. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa Indianapolis na kucheza Boston College kama mtu wa kumsaka kwotabeki kutoka pembeni. New York Giants walimchukua 2006, wa 32. Shida ni kwamba kazi hiyo pale ilikuwa na wenyewe: Michael Strahan, Osi Umenyiora, Justin Tuck. Mwaka wa pili wakamhamishia nafasi nyingine, nyuma ya mstari, kazi yenye macho tofauti na miguu tofauti. Aliishi na hilo, alidumu, ana pete ya ubingwa aliyoipata uwanjani Februari 2012. Lakini nikisoma watu wakimpima kwa idadi ya makwotabeki aliowaangusha, najiuliza kama wanajua alikuwa anacheza wapi. Swali lile lile la chuoni linamfuata mchezaji hadi ligi kuu.

Miaka ya karibuni kazi imekuwa ngumu kwa namna nyingine. Tangu 2018 wachezaji wanahama vyuo kwa urahisi, na tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa majina yao yanapotumika kibiashara. Kwotabeki Bo Nix aliingia drafti ya 2024 akiwa ameanza mechi 61, Auburn na Oregon. Jayden Daniels alitoka Arizona State kwenda LSU. Cam Ward, chaguo la kwanza la 2025, alipita vyuo vitatu. Mtu wa miaka 23 au 24 anacheza dhidi ya watoto wa 19, na kwenye video anaonekana simba. Nikiona hivyo narudi nyuma kutafuta mechi zake akiwa na umri wao. Kwa upande mwingine, anayehama ananipa zawadi: makocha wawili au watatu, mifumo tofauti, wapokeaji tofauti. Kilichobaki vilevile kote huko, hicho hakina mwenyewe mwingine.

Hapa Des Moines familia za Kikongo na Kirundi ni nyingi, na vijana wao wameanza kujaa kwenye timu za sekondari, hasa kwenye ukuta, maana baadhi wana miili. Mzee mmoja wa Uvira alinikamata baada ya ibada, akanionyesha klipu ya mwanawe kwenye simu. "Mwanangu, wewe unajua mambo haya. Huyu watamchukua lini?" Nikamweleza kwamba NFL haimchukui mtu kabla ya miaka mitatu kupita tangu amalize sekondari, kwamba kwanza ni chuo, na kwamba klipu hii imechaguliwa na kijana mwenyewe. Nikamwomba mechi nzima.

Jumapili iliyofuata tulikaa sebuleni kwake, chai na sambusa mezani, kompyuta imeunganishwa na televisheni. Mechi yenyewe ilipigwa na kamera ya shule, juu ya jukwaa, wachezaji wote wanaonekana. Nikamwambia, "Mzee, usiufuate mpira. Mtazame mwanao tu, namba 74." Robo ya kwanza kijana alikuwa anawasukuma watu kama makabati. Mzee alikuwa anacheka, anampigia makofi mkewe aliyekuwa jikoni. Robo ya tatu akanyamaza. Mpira ulikuwa unakwenda upande wa pili na kijana alikuwa ameweka mikono kiunoni. Mzee akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena. Kisha akageukia mlango wa chumba cha ndani, akaita kwa sauti ya kuamsha jirani:

"We! Kuya hapa! Kuja utueleze, hapa ulikuwa unafanya nini?"